Namna ya Kumsaka Mdudu Aliyeingia na Toleo Jipya

Ukishapandisha toleo la maktaba yako ya hesabu na majibu yakageuka, ondoa kwanza mikono kwenye kibodi. Usifute kitu. Usizime na kuwasha laptopu, maana jumla iliyokosewa haitokani na mashine kuchoka. Usiweke `try` na `except` kuuzunguka mstari unaolalamika. Nasema bila kumung'unya maneno: anayefunika kosa kwa `except: pass` hajatengeneza chochote, ameficha ushahidi, na atakayeumia si yeye bali mwenye pesa, mwenye shamba au mgonjwa ambaye namba zake zilikuwa zinahesabiwa.

Wala usirudishe toleo la zamani ukaenda kulala. Hilo ndilo kosa linalopendwa kuliko yote, kwa sababu faida yake inaonekana papo hapo: unaandika `numpy<2` kwenye faili la mahitaji, namba zinarudi zilivyokuwa, bosi anatabasamu. Kurudi nyuma siku mbili tatu ili ofisi iendelee na kazi ni busara. Kuhamia huko ni uzembe, maana hujui ipi ilikuwa sahihi, namba ya jana au ya leo, na kuijua ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya.

NumPy ndiyo maktaba ninayoizungumzia. Karibu kila anayefanya hesabu nzito kwa Python anaitumia, hata kama hajawahi kuiita kwa jina: pandas imejengwa juu yake, SciPy vilevile, scikit-learn vilevile. Travis Oliphant aliianzisha mwaka 2005 kwa kuunganisha maktaba mbili zilizokuwa zikigawana watumiaji, Numeric na Numarray. Toleo la 1.0 lilitoka 2006, na ile 1 ya mbele ikakaa hapo mpaka tarehe 16 Juni 2024 lilipotoka toleo la 2.0. Karibu miaka 18 watu walizoea tabia fulani za maktaba hii, wengine wakadhani ni sheria za hesabu zenyewe. Hazikuwa sheria za hesabu.

Kwanza wamalize wapiga kelele

Wadudu wa toleo jipya wako wa aina mbili: wanaopiga kelele na wanaonyamaza. Wa kelele hawastahili siku yako nzima.

Toleo la 2.0 liliondoa majina mengi ya zamani. `np.NaN` haipo, andika `np.nan`. `np.Inf` haipo, andika `np.inf`. `np.float_` imekuwa `np.float64`, na `np.product` imekuwa `np.prod`. Programu inayoyaita majina hayo inakufa palepale na kukuonyesha mstari ilipofia. Huna haja ya kuwinda kwa jicho: chombo kiitwacho Ruff kina kanuni yenye jina NPY201 inayopitia msimbo wako wote na kubadilisha majina hayo yenyewe. Iendeshe, pitia ilichobadilisha, songa mbele.

Kelele ya pili hutoka kwenye vifurushi vilivyojengwa kwa lugha ya C dhidi ya toleo la 1. Utaambiwa kwamba moduli fulani haiwezi kuendeshwa na NumPy 2. Ujumbe huo ni mrefu, na hapa ndipo watu wengi hujichelewesha: wanasoma mstari wa mwisho tu, wanaukimbiza mtandaoni, wanabandika amri ya mtu wasiyemjua. Soma ujumbe wote. Ndani yake umetajwa mlango wa kutokea: pandisha kifurushi kilichotajwa, au kijengwe upya.

Kisha kuna maonyo, na hapa nina ugomvi na watu. Majina kama `np.int` na `np.float` yalianza kutolewa onyo katika toleo la 1.20, Januari 2021. Yaliondolewa katika 1.24, Desemba 2022. Karibu miaka miwili maktaba ilikuwa ikiwaambia watu kila programu ilipowashwa: jina hili linaondoka. Na kuna waliojibu kwa kuandika `warnings.filterwarnings("ignore")` juu kabisa ya faili, wakafurahi kwamba skrini imekuwa safi. Ukikuta mstari huo katika programu uliyorithi, uondoe kabla ya kufanya lingine lolote. Halafu endesha programu kwa `python -W error`, ili kila onyo ligeuke kosa kamili na programu isimame pale linapotokea. Utachukia matokeo ya saa ya kwanza. Vumilia, maana kila kisimamo hapo ni mahali ambapo zamani uliambiwa ukweli na hukuusikia.

Weka zamani na sasa ubavu kwa ubavu

Sasa wale wanaonyamaza. Programu inaanza, inamaliza, ripoti inatoka, hakuna herufi nyekundu hata moja. Namba ndiyo imebadilika. Kwa mdudu huyu kuna njia moja tu ninayoiamini: kuwa na toleo la zamani na jipya yakiwa hai kwa wakati mmoja, na kuyauliza swali lile lile.

Tengeneza mazingira pepe mawili ya Python 3.12, toleo linalokubali pande zote mbili. Ya kwanza yatie NumPy 1.26.4, ya pili yatie NumPy 2. Vifurushi vingine vyote viwe na matoleo yale yale kwa kadiri inavyowezekana, kisha linganisha orodha za `pip freeze` za mazingira yote mawili. Hatua hii watu wanairuka kwa sababu inachosha. Wanapandisha kila kitu kwa mkupuo mmoja, vifurushi vingi kwa pamoja, halafu wanailaumu NumPy kwa jambo lililofanywa na pandas. Ukibadilisha vitu kumi kwa wakati mmoja hujafanya jaribio, umefanya fujo, na fujo haina jibu.

Tumia data ile ile, na mashine ile ile. Hili la mashine si ushirikina. Tangu toleo la 1.25, `np.argsort` hutumia maelekezo ya kasi ya vichakataji vyenye AVX-512, na njia ya kawaida ya kupanga haiahidi mpangilio wowote kwa vitu vinavyolingana. Wanafunzi wawili wenye alama 71 wanaweza kutokea kwa mpangilio mmoja kwenye laptopu yako na mwingine kwenye seva, na wa kwanza ndiye akapata nafasi ya mwisho ya ufadhili. Kama mpangilio wa wanaolingana una maana kwako, andika `kind="stable"` na uwe umesema unachotaka.

Bahati nasibu nayo ishikwe. Namba zinazotoka kwa njia ya kale ya `np.random.seed` zimegandishwa, zitabaki zile zile. Zinazotoka kwa `np.random.default_rng` hazina ahadi hiyo kutoka toleo hadi toleo, hata ukiweka mbegu ile ile. Ikiwa hesabu yako inategemea bahati nasibu, hifadhi namba zenyewe kwenye faili mara moja, kisha pande zote mbili zisome faili hilo.

Baada ya hapo, gawa katikati. Hesabu ndefu ina vituo: kusoma faili, kusafisha, kujumlisha, kugawa, kuandika ripoti. Chagua kituo cha katikati, hifadhi kilichopo pale kwa `np.save` katika pande zote mbili, linganisha. Zikilingana, mdudu yuko mbele yako. Zikitofautiana, umempita. Hatua elfu moja zinaisha kwa migawanyo kumi. Hakuna kipaji kinachohitajika hapa, na ndiyo maana naipenda njia hii: mtu aliyeanza kazi mwezi uliopita anaweza kumshika mdudu aliyewashinda wakubwa wake, mradi ana subira na wao hawana. Andreas Zeller, mtafiti wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1999 jinsi kompyuta inavyoweza kufanya mgawanyo huo yenyewe, ikipunguza mabadiliko kidogo kidogo mpaka libaki lile linaloharibu. Kwa Git una amri ya `git bisect` inayofanya hivyo kwenye historia ya msimbo wako.

Lakini unapolinganisha, usiishie kwenye thamani. Linganisha pia aina ya namba. Hapo ndipo ilipo siri ya wadudu wengi wa toleo la 2.

Elfu mbili za mama mhasibu

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo. Salio la mwaka jana limehifadhiwa katika faili la NumPy, na aliyelitengeneza alitaka kubana nafasi, akachagua `float32`. Michango ya mwezi inasomwa kutoka faili la maandishi, kila kiasi kinakuwa namba ya kawaida ya Python. Msimbo wenyewe ni huu:

    jumla = salio[0]
    for kiasi in michango:
        jumla = jumla + kiasi

Utausoma mara mia na hutaona tatizo, kwa sababu tatizo halijaandikwa. Limo katika swali ambalo msimbo haukulijibu: `float32` ikijumlishwa na namba ya Python, jibu liwe la aina gani? Katika 1.26, jibu la namba hizo mbili lilikuwa `float64`, yaani biti 64, na jumla ikapata nafasi ya kutosha tangu mchango wa kwanza. Katika toleo la 2 jibu linabaki `float32`. Jaribu mwenyewe katika pande zote mbili:

    np.float32(16777216) + 1.0

Upande wa zamani utakupa 16777217.0. Upande mpya utakupa `np.float32(16777216.0)`. Umeongeza moja na haikuongezeka. Biti 32 za desimali zinatenga biti 24 za tarakimu zenyewe, na 16,777,216 ni mbili iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 24. Hapo kibaba kimejaa, na punje moja ya ziada haina pa kukaa. Kuanzia hapo namba zinaruka mbili mbili. Zikivuka 33,554,432 zinaruka nne nne, na zikivuka 67,108,864 zinaruka nane nane.

Sasa salio letu ni shilingi 40,000,000, na mwezi huu wamechanga watu 1,000, kila mmoja 1,350. Jumla sahihi ni 41,350,000. Fuata mchango wa kwanza kwa karibu. 40,001,350 haigawanyiki kwa nne, kwa hiyo haina nafasi katika `float32`. Imekaa katikati kabisa ya 40,001,348 na 40,001,352. Kanuni ya kukadiria inasema ukiwa katikati nenda kwa jirani ambaye tarakimu yake ya mwisho ya kibainari ni shufwa, na huyo ni 40,001,352. Shilingi mbili zimezaliwa. Mchango wa pili unafika katikati vilevile, unapandishwa vilevile. Na wa tatu. Kosa haliendi huku na huku likafutana. Linaelekea upande mmoja kila mara, kama kwamba kila mtu alichanga 1,352. Mwisho wa mwezi ripoti inasema 41,352,000.

Mhasibu wa chama ni mama wa makamo anayejumlisha kwa kikokotoo na kuandika kwenye daftari la mistari. Atakuita: "Mwanangu, hizi elfu mbili zimetoka wapi?" Jibu sahihi ni "Shikamoo mama, nipe muda nizitafute." Kijana anayemjibu "Mfumo ndivyo unavyosema" apokonywe nywila kwa wiki moja akajifunze kushika kikokotoo. Mfumo hausemi. Mfumo unarudia ulichoandika, pamoja na ulichosahau kuandika.

Na kabla hujajitetea kwamba ulifanya majaribio na yalipita, nakwambia kwa nini yalipita. Majaribio yako yalikuwa na michango ya 5,000, 10,000 na 20,000, maana ndizo namba zinazokuja kichwani mtu akiandika mifano. Zote zinagawanyika kwa nne, na kwa nane pia. Namba yoyote ya maelfu kamili inapita bila mkwaruzo mpaka jumla ivuke 134,217,728. Ulimjaribu mdudu kwa chakula asichokula. Weka 1,350 katika majaribio yako. Weka 777. Weka kiasi chenye senti. Namba mbaya ndizo zinazofanya kazi.

Jambo la pili kuhusu majaribio. Wengi hulinganisha kwa `np.testing.assert_allclose`, ambayo usipoiambia lingine huvumilia tofauti ya sehemu moja katika milioni kumi. Shilingi mbili katika milioni 40 ni sehemu moja katika milioni 20. Inapita. Jaribio lako la mchango mmoja linawaka kijani huku kosa likiwa tayari limeingia, na kipimo hicho hakikuambii neno kuhusu aina ya namba. Hapa ndipo nawasihi mwandike mstari mmoja zaidi: `assert jumla.dtype == np.float64`. Mstari huo mfupi ungemwokoa mama mhasibu.

Na yule anayeona jaribio la michango elfu limeshindwa, akapandisha kiwango cha uvumilivu hadi sehemu moja katika elfu kumi mpaka taa iwe kijani? Amefaulu, ndiyo, elfu mbili katika milioni 41 zinapita bila kuulizwa. Lakini hajapima kitu. Amekibembeleza kipimo kikubali.

Walioibadilisha kanuni hii hawakufanya hivyo kututesa, na mimi nasimama upande wao. Mabadiliko yaliandikwa wazi katika pendekezo namba 50 la NumPy, na sababu yake ni nzuri. Kanuni ya zamani iliangalia thamani ya namba kabla ya kuamua aina ya jibu. Safu ya `uint8` ukiiongezea 255 ilibaki `uint8`. Ukiiongezea 256 iligeuka `uint16`. Aina ya jibu ilitegemea kilichoingia siku hiyo, na hakuna anayeweza kuandika programu ya kutegemewa juu ya msingi wa namna hiyo. Siku hizi aina ndiyo inayoamua, na 256 ikishindwa kuingia katika `uint8` unapewa kosa lenye jina. Huu ni uungwana zaidi. Gharama yake ni kwamba kila aliyekuwa akiegemea ukarimu wa zamani bila kujua sasa anatakiwa kusema anataka biti ngapi.

Wanaoshughulika na picha wawe macho zaidi. Picha nyingi huhifadhiwa kwa `uint8`, kutoka 0 hadi 255. Chomoa nukta moja yenye mng'ao 200, iongezee 100. Zamani ulipata 300. Sasa unapata 44, pamoja na onyo la kufurika. Onyo hilo ndilo lile ulilokuwa umelizima juu ya faili.

Kama una msimbo mkubwa na hujui pa kuanzia, 1.26 ina msaada ambao wengi hawaujui: weka `NPY_PROMOTION_STATE=weak_and_warn` katika mazingira, na maktaba itafuata kanuni mpya huku ikikuonya kila mahali ambapo jibu lingetofautiana na la zamani. Maonyo yatakuwa mengi kupita kiasi na mengine hayana madhara. Msaada huo uliondolewa katika toleo la 2.2, kwa hiyo utumie upande wa zamani, kabla ya kuvuka.

Usimwamini shahidi kwa kuwa ni mzee

Mpaka hapa unaweza kufikiri kwamba toleo la zamani lilikuwa sahihi na jipya likaharibu. Rudi kwenye salio la chama. Faili lake ni `float32`. Hata enzi za 1.26, jumla safi ya biti 64 ilipohifadhiwa mwisho wa mwaka ilibanwa tena iingie katika biti 32, na kwa kiasi cha milioni 40 ilikuwa inaweza kupoteza au kupata hadi shilingi mbili. Kosa lilikuwepo. Lilikuwa dogo, likitokea mara moja kwa mwaka badala ya mara elfu kwa mwezi, na hakuna aliyelitafuta.

Mfano mkali zaidi uko kwenye Windows. Kabla ya toleo la 2, namba kamili za NumPy kwenye Windows zilikuwa na biti 32 usipotaja vingine, wakati kwenye Linux na Mac zilikuwa na 64. Zidisha safu yenye 50,000 kwa 50,000 kwenye Linux, unapata 2,500,000,000. Fanya vivyo hivyo kwenye Windows ya zamani, unapata -1,794,967,296, bila onyo. Toleo la 2 limeweka biti 64 pande zote kwenye mashine za biti 64. Kwa hiyo kuna ofisi ambayo ripoti yake ilibadilika siku ya kusasisha kwa sababu ilianza kuwa sahihi, na ndani yake yuko mtu aliyerudisha toleo la zamani ili "kuondoa hitilafu". Pande mbili zikitofautiana, tafuta shahidi wa tatu: kalamu na karatasi, au `decimal` ya Python, au daftari la mama mhasibu. Kwa kiasi kidogo cha data, daftari lile ndilo kipimo bora kuliko vyote nilivyotaja.

Jambo dogo lakini linaudhi: toleo la 2 limebadilisha jinsi namba moja inavyojionyesha. Ukichapisha orodha ya Python yenye namba za NumPy, badala ya `[3.0]` utaona `[np.float64(3.0)]`. Hesabu haijaharibika. Ila kama programu nyingine ilikuwa ikisoma maandishi hayo, itajikwaa. Badilisha uchapishaji, geuza orodha kwa `.tolist()`, endelea na safari.

Ukitengeneza, tengeneza kote

Umemwona mdudu. Sasa jizuie kutengeneza ule mstari mmoja tu ulioumia. Hili nalisema kwa uzito, na sababu yake haichekeshi.

Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud lilipiga kambi ya Wamarekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliokuwa ukilinda eneo hilo haukulizuia. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika kibainari. Ilikatwa ikae katika biti 24. Baada ya saa 100 za kuwa umewashwa mfululizo, saa yake ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja ya sekunde, muda ambao Scud hukata zaidi ya nusu kilomita. Lakini kilichoniuma zaidi niliposoma habari hiyo ni hiki: hesabu ya muda ilikuwa tayari imeboreshwa katika baadhi ya sehemu za programu, si zote. Kama zote zingekuwa na kosa lile lile, zingekosea pamoja na tofauti kati yake ingebaki karibu sahihi. Maboresho ya nusu ndiyo yaliyozifanya zisielewane. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake.

Kwa hiyo usiandike `float(salio[0])` katika faili moja ukajipongeza. Ni kweli, hilo litaifanya jumla ya mwezi huu iwe sahihi. Tafuta kila mahali `float32` inapotajwa katika mradi mzima, na kila mahali faili la salio linaposomwa au kuandikwa. Kwa pesa, msimamo wangu ni mmoja na sibadiliki: zihesabiwe kwa senti, kwa namba kamili za `int64`, kuanzia zinapoingia hadi zinapohifadhiwa. Aina hiyo inabeba zaidi ya bilioni bilioni tisa. Hakuna chama cha akiba kitakachoijaza. Kwa vipimo vya kisayansi, kama mvua, joto au uzito wa mavuno, `float64` inatosha karibu kila mahali, na `float32` ibaki pale ambapo umepima ukaona kumbukumbu ya mashine haitoshi kweli. Ukitaka kujumlisha safu ya `float32`, andika `safu.sum(dtype=np.float64)`.

Halafu andika jaribio lenye michango elfu moja ya 1,350 juu ya salio la milioni 40, lidai 41,350,000 bila uvumilivu wowote, na juu yake uweke maelezo ya mistari mitatu kwa Kiswahili au lugha yoyote ambayo wenzako wanaisoma: nini kilitokea, katika toleo gani, kwa nini namba hii na si nyingine. Atakayekuja baada yako ataona 1,350 na atatamani kuibadilisha iwe 1,000 ili ipendeze. Mwambie asiiguse.

Imebaki kazi moja, na wengi huiacha kwa aibu. Msimbo sasa ni mzima, lakini ripoti zilizotoka kati ya siku ya kusasisha na siku ya kutengeneza bado ziko kwa watu: kwenye barua pepe, kwenye kabati la mwenyekiti, kwenye mkutano wa wanachama uliokwisha fanyika. Tafuta tarehe ya kusasisha kwenye Git. Endesha upya kila ripoti ya kipindi hicho kwa msimbo mpya, weka jumla ya zamani na jumla sahihi katika safu mbili za jedwali moja, chapisha. Mpelekee mama mhasibu mwenyewe, kwa mkono, akague kwa kikokotoo chake kabla hujamtumia mtu mwingine yeyote.